Jinsi ya kufuatilia kimeng'enya ndani ya seli ya saratani, kuanzia kwenye jeni

Nafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita hapa Kigoma. Kila tukifika kwenye udhibiti wa jeni, wapo wanafunzi wanaokariri mfano wa bakteria wanaowasha jeni pale wanapokutana na sukari ya maziwa neno kwa neno, lakini ukiwauliza mambo hayo yanahusianaje na saratani wanakujibu, "Mwalimu, jeni imeharibika." Basi, wameishia hapo. Jibu hilo halitoshi, na mara nyingi si kweli. Ndani ya seli ya saratani vimeng'enya vingi, yaani protini zinazoharakisha kazi za kemikali za seli, vina jeni nzima kabisa, herufi kwa herufi. Kilichovurugika ni amri: jeni isomwe lini, isomwe kwa wingi gani, nakala yake ikatwe vipi, protini ikae muda gani kabla ya kuvunjwa. Ni kama boti ya pale Kibirizi yenye injini nzima ila mkono wa kasi umekwama. Fundi akifungua injini kutafuta chuma kilichovunjika atatafuta mpaka jioni.

Mwongozo huu nimeuandika kwa mwanafunzi anayejisomea na kwa mwalimu mwenzangu asiye na maabara ya maana. Andaa daftari, kalamu ya bluu na nyekundu, simu yenye intaneti, na kipande cha ini la ng'ombe.

Anza na ini, siki na povu

Usianze na saratani. Anza na kimeng'enya unachoweza kukiona kikifanya kazi. Ini lina katalesi nyingi, kimeng'enya kinachovunja haidrojeni peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Peroksaidi inapatikana duka la dawa. Ya asilimia 3 inatosha. Funika macho kwa miwani na usiruhusu mtu kuionja.

Panga neli tatu za kioo. Ya kwanza weka kipande cha ini kibichi cha ukubwa wa pingili ya kidole gumba. Ya pili weka chembe ndogo tu, isiyozidi punje ya mahindi. Ya tatu weka kipande kikubwa sawa na cha kwanza, ila kiwe kimelowekwa kwenye siki kwa nusu saa. Kisha mimina peroksaidi kiasi kilekile kwenye kila neli. Neli ya kwanza povu linapanda hadi mdomoni, na ukiishika unasikia joto mkononi. Ukiingiza kijiti chenye kaa jekundu, kinawaka upya, kwa sababu ya oksijeni. Neli ya pili povu ni dogo. Na ya tatu povu ni dogo pia.

Hapo wasimamishe wanafunzi. Neli ya pili na ya tatu zinafanana kwa macho, lakini sababu ni mbili tofauti. Kwenye ya pili kimeng'enya ni kidogo. Kwenye ya tatu kimeng'enya kipo tele, ila asidi imekilemaza. Povu peke yake haliwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo mawili. Kwa hiyo, kabla hujasema "kimeng'enya kimepungua" au "kimeongezeka" kwenye saratani, jiulize kilichopimwa ni nini hasa: wingi wa RNA (nakala ya jeni), wingi wa protini, au kasi ya kazi. Hivi ni vipimo vitatu, na haviendi pamoja kila mara. Naona makosa mengi ya mitihani, na hata ya habari za afya tunazosoma kwenye simu, yanaanzia hapa.

Mfano wa katalesi haukuchaguliwa kwa sababu ini ni rahisi tu. Seli za saratani ya ini kwa kawaida zina katalesi pungufu kuliko seli za ini lenye afya.

Chora njia yote kwanza

Fungua kurasa mbili za daftari zinazotazamana. Kwa kalamu ya bluu chora kutoka kushoto kwenda kulia: DNA iliyozungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kisha promota ya jeni, yaani sehemu ya mbele inayoshikwa na protini za kuwasha na kuzima, kisha RNA ndefu, kisha RNA iliyokatwa na kuungwa, kisha ribosomu inayosoma RNA, kisha protini, kisha kimeng'enya kikiwa kazini, na mwisho kabisa kuvunjwa kwake. Usiruke kuvunjwa. Wanafunzi wengi wanaiacha hatua hiyo, ilhali kimeng'enya kinaweza kujaa kwenye seli si kwa sababu kinatengenezwa sana bali kwa sababu hakivunjwi.

Halafu chukua kalamu nyekundu, weka alama ya kuuliza chini ya kila hatua. Kuanzia hapa kazi yako ni moja: kwa kimeng'enya ulichochagua, ni alama ipi nyekundu ndiyo mahali udhibiti ulipovunjika? Zinaweza kuwa mbili au tatu kwa pamoja.

Zoezi la kwanza: heksokinesi

Napendelea kuanza na hiki kwa sababu kinaonyesha jambo lote waziwazi. Glukosi ikiingia kwenye seli, kwanza hubandikwa fosfati ili isitoke tena. Kazi hiyo ni ya heksokinesi. Mwili una aina kuu 4, kila moja na jeni yake.

Ini zima la mtu mzima hutumia aina ya 4, inayojulikana zaidi kama glukokinesi. Hii haina papara. Inafanya kazi vizuri pale sukari ya damu inapopanda, tuseme umeshiba ugali na migebuka. Sukari ikishuka, nayo hupunguza kasi, na glukosi inaachwa iende kwenye ubongo na kwingineko. Ini linahudumia mwili mzima, halijilishi kwanza.

Seli hiyo ya ini ikigeuka kuwa saratani, mara nyingi jeni ya glukokinesi inazimwa, na jeni ya heksokinesi ya 2, ambayo kwenye ini zima ilikuwa imelala, inaamshwa. Aina hii ya 2 inaikamata glukosi hata ikiwa kidogo sana. Tena inajishikiza kwenye utando wa nje wa mitokondria, vyumba vya nishati vya seli, mahali inapotokea ATP, molekuli inayobeba nishati na fosfati, kwa hiyo haikosi fosfati ya kubandika. Seli iliyokuwa ikingoja zamu sasa inavuta sukari muda wote.

Sasa rudi kwenye mchoro wako. Je, herufi za jeni ya heksokinesi 2 zimebadilika? Hapana. Weka alama kwenye promota. Seli hufunga jeni kwa kubandika vikundi vidogo vya metili kwenye DNA, na katika seli za saratani ya ini zilizochunguzwa maabara, metili za promota ya heksokinesi 2 zimepungua. Mlango ukishafunguka, protini za kuwasha jeni zinaingia. Mojawapo ni HIF-1, ambayo kwa kawaida hujitokeza oksijeni ikiwa haba. Nyingine ni MYC, ambayo nitairudia hapa chini.

Hapo ndipo Warburg anaeleweka. Otto Warburg, mwanakemia Mjerumani, aliona miaka ya 1920 kwamba vipande vya uvimbe hutoa asidi laktiki kwa wingi hata oksijeni ikiwepo. Yeye alidhani mitokondria zimeharibika. Leo tunajua mitokondria za saratani nyingi zinafanya kazi. Kilichobadilika zaidi ni udhibiti wa vimeng'enya. Mwanafunzi makini atakuuliza: kwa nini seli ikubali ATP 2 kwa kila glukosi, wakati ikitumia oksijeni ingepata kama 30? Mjibu hivi: seli inayogawanyika haraka haitafuti nishati pekee. Inahitaji pia kaboni ya kutengenezea DNA, mafuta ya utando na asidi amino, na njia za kupata vitu hivyo zinachepuka kutoka katikati ya safari ya glukosi.

Madaktari wanaitumia tabia hiyo kuipiga picha saratani. Mgonjwa hudungwa glukosi iliyobadilishwa kidogo na kuwekewa alama ya mionzi. Heksokinesi inaibandika fosfati, lakini haiwezi kuendelea mbele, basi inanasa ndani ya seli. Mashine ya PET inaonyesha mahali iliponasa.

RNA ile ile, mkato tofauti

Hapa tutapita haraka, ingawa ni mfano ninaoupenda. Piruveti kinesi, kimeng'enya cha mwisho cha kuvunja glukosi kuwa piruveti, kina jeni inayoitwa PKM. RNA yake ikiwa bado ndefu ina vipande viwili vinavyoshindania nafasi moja, eksoni ya 9 na eksoni ya 10. Misuli ya mtu mzima huchukua ya 9 na kupata aina ya M1, inayofanya kazi kwa kasi isiyosita. Seli nyingi za saratani huchukua ya 10 na kupata M2, ambayo kasi yake inaweza kupunguzwa, na ikipunguzwa vitu vya kati vinajaa na kuchepukia kwenye ujenzi wa seli mpya. MYC inachangia hapa pia, kwa kuongeza protini zinazoamua mkato. Alama yako nyekundu iende chini ya kukata na kuunga RNA, si kwenye promota ya PKM. Kumbuka tu kwamba M2 haipo kwenye saratani pekee. Mimba changa inayo, na tishu nyingi nzima zinayo.

Mfano wa kwetu: uvimbe wa taya

Sisi wa ukanda wa ziwa hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, akiwa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto. Baadaye alizunguka nchi nyingi za Afrika, Tanganyika ikiwemo, akakuta uvimbe huo unafuata maeneo ya joto na mvua, yaani maeneo yale yale ya malaria kali. Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr vikagunduliwa kwenye seli za uvimbe huo.

Fuatilia sasa. Kwenye limfoma ya Burkitt, ndiyo saratani hiyo ya taya inayoanzia kwenye seli B za kinga ya mwili, kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC huhamia, mara nyingi, kwenye kromosomu ya 14, jirani na jeni ya kingamwili. Seli B kazi yake ni kutengeneza kingamwili, kwa hiyo mtaa huo wa DNA haulali. MYC ikihamia hapo nayo hailali. Yenyewe si kimeng'enya. Ni protini inayowasha jeni za wengine: heksokinesi 2, laktati dihaidrojenesi A inayogeuza piruveti kuwa laktati, na onithini dekaboksilesi inayoanzisha utengenezaji wa poliamini ambazo seli inazihitaji ili igawanyike. Kuhama kwa jeni moja kunabadilisha vimeng'enya kwa makumi.

Na kwa nini kromosomu zilikatika? Jibu ni kimeng'enya kingine, AID. Kazi yake halali ni kubadilisha herufi za DNA kwenye jeni za kingamwili, na katika kazi hiyo DNA hukatika ili ipangwe upya. AID inatakiwa iwashwe kwa muda mfupi na mahali maalumu. Malaria ya falsiparamu inayomrudia mtoto kila mara huziamsha seli B na kuongeza AID, nayo inaweza kukosea ikagusa jeni isiyohusika, MYC ikiwa mojawapo. Virusi vya Epstein-Barr navyo huzisaidia seli zilizoumia zisife. Ukimweleza mwanafunzi wa Kigoma kwamba chandarua kinahusiana na kromosomu ya 8, utaona anavyokaa sawa kwenye kiti.

Niseme jambo ambalo halimo kwenye mtihani. Mtaani kwetu nimemwona mtoto aliyevimba taya, akang'olewa jino, uvimbe ukaendelea, na familia ikazunguka na dawa za jino huku siku zinakwenda. Seli za Burkitt zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mtoto akivimba taya, meno yakalegea, jicho likatokeza au tumbo likajaa, ombeni rufaa siku hiyo hiyo. Bugando, Mwanza, wanatibu saratani za watoto, na hii ni miongoni mwa saratani zinazoitikia dawa vizuri.

Virusi, nakala za ziada, na herufi moja

Ukishaelewa mifano hiyo, iliyobaki utaifuatilia kwa mistari michache. Virusi vya HPV 16 na 18, vinavyosababisha takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi, vina protini E7 inayoiondoa protini ya Rb kazini. Rb, breki ya kugawanyika kwa seli, ilikuwa imeishikilia E2F, protini ya kuwasha jeni. Ikiachiwa, E2F inawasha jeni za vimeng'enya vya kunakili DNA kama timidileti sinthesi na dihaidrofoleti ridaktesi. Jeni hizo zote ni nzima. Chanjo ambayo mabinti zetu wa miaka 14 walianza kupewa nchi nzima mwaka 2018 inazuia hatua ya kwanza kabisa ya mlolongo huo.

Dihaidrofoleti ridaktesi inafundisha jambo jingine. Dawa ya methotrekseti inakizuia kimeng'enya hiki. Mwaka 1978 ilionekana kwamba seli zilizoizoea dawa hiyo zilikuwa zimerudufu jeni yake mara nyingi. Hakuna amri mpya wala herufi mpya. Nakala za jeni zimekuwa nyingi, kimeng'enya kikaizidi dawa.

Telomeresi, inayorefusha ncha za kromosomu, imezimwa kwenye seli nyingi za mwili ila iko kazini kwenye saratani karibu 9 kati ya 10. Mwaka 2013 watafiti waligundua kwenye saratani ya ngozi aina ya melanoma kwamba herufi moja ya promota, C, ilikuwa imegeuka T. Badiliko hilo liko nje kabisa ya sehemu inayotengeneza kimeng'enya, lakini linatengeneza mahali papya pa kushikwa na protini za kuwasha. Huyu ndiye mfano wangu kwa mwanafunzi anayesisitiza kuwa badiliko la DNA lazima liharibu umbo la protini.

Na ipo ambayo ni kinyume. Kimeng'enya IDH1 kwenye baadhi ya saratani za ubongo kimebadilika chenyewe, umbo lake si lile. Kinatengeneza kemikali isiyotakiwa, 2-haidroksiglutareti, ambayo inavizuia vimeng'enya vinavyoondoa metili kwenye DNA na kwenye histoni. Metili zinajaa, jeni nyingine nyingi zinabaki zimefungwa. Hapa kimeng'enya kimoja kibovu ndicho kinavuruga udhibiti wa vingine, basi chora mshale mwekundu kutoka mwisho wa njia kurudi mwanzo.

Thibitisha kwa simu

Fungua tovuti ya Human Protein Atlas, ni bure. Andika GCK, ambayo ni alama ya jeni ya glukokinesi, tazama sehemu ya tishu, uone jinsi RNA yake inavyosimama juu kwenye ini. Kisha andika HK2 ulinganishe: misuli iko juu, ini liko chini. Halafu nenda kwenye sehemu ya saratani. Kwenye picha za tishu, rangi ya kahawia inaonyesha mahali protini ilipokutwa, na bluu ni viini vya seli. Kikuze kipande kimoja uangalie kama kahawia imekaa kwenye kiini, kwenye saitoplazimu au kwenye utando, maana mahali kimeng'enya kilipo ni sehemu ya udhibiti pia. Safu za RNA na picha za protini zikipingana, usichague unayoipenda. Andika zote mbili, kisha rudi kwenye neli za ini ujiulize ni kipi hasa kilichopimwa.

Tahadhari hiyo hiyo itumie kwenye majibu ya hospitali. Laktati dihaidrojenesi ya damu hupanda kwenye limfoma, lakini hupanda pia kwenye malaria, na hupanda damu ikivunjika ndani ya chupa kabla haijapimwa. Namba kubwa kwenye karatasi haikuonyeshi jeni ipi imewashwa.

Jipime kwa dawa

Mwisho, chukua dawa moja ya saratani urudi nyuma kutoka kwenye dawa hadi kwenye jeni. Nampa kila mwanafunzi asparajinesi, dawa ya leukemia (saratani ya damu) ya watoto ambayo yenyewe ni kimeng'enya kinachopatikana kwa bakteria. Inavunja asparajini iliyomo kwenye damu. Seli nzima haziteseki sana kwa sababu hujitengenezea asparajini kwa kimeng'enya chao, asparajini sinthetesi. Seli za leukemia hiyo kwa kawaida zina kimeng'enya hicho kidogo mno, kwa hiyo zinakosa mahitaji na kufa. Muulize mwanafunzi: je, seli ikifanikiwa kuiwasha tena jeni hiyo, dawa itakuwaje? Akijibu kwamba itashindwa, ameelewa.

Andika kila zoezi kwa sentensi moja yenye mambo manne: kimeng'enya, hatua iliyovurugika, nani ameivuruga, seli inapata nini. "Heksokinesi imeharibika na kusababisha saratani" haipati alama kwangu. Hii inapata: "Kwenye saratani ya ini, promota ya heksokinesi 2 imefunguliwa na kushikwa na HIF-1 na MYC, kimeng'enya kikaongezeka bila jeni yake kubadilika, na seli ikaweza kuvuta glukosi hata ikiwa kidogo."